Ruhusa Isiyoombwa

Losaline ni mtu wa kuzungusha maneno. Akitaka chumvi kwa jirani, ataanza na afya ya nguruwe, apitie kwenye mvua iliyochelewa, aisifu chai ya mwenye nyumba ambayo hata hajaionja, kisha arudi kwake bila chumvi, kwa kuwa jirani hakutambua kwamba ameombwa kitu. Mumewe Semisi huwavunja mbavu wenzake kwenye vikao vya kunywa kava akisimulia alivyomposa. Anasema alikubaliwa kwa adabu nyingi mno hata akarudi kwao analia, akidhani amekataliwa, ikabidi atume mtu akaulize upya.

Ndivyo alivyolelewa huko Haapai, kwenye visiwa vidogo ambako watu wakikosana hawana pa kukimbiana. Alipoolewa huku Tongatapu, kisiwa kikubwa, alikuja na adabu yake yote, na ilimfaa, maana aliolewa kwenye nyumba yenye Lesieli. Nyinyi mnaolalamika juu ya mawifi zenu, nyamazeni kidogo. Lesieli ni dada mkubwa wa Semisi, na kwetu shangazi si mgeni wa kuja kula na kuondoka. Watoto wa Semisi ni wa Lesieli kwanza. Majina aliwapa yeye. Akisema nywele zikatwe, zinakatwa. Akisema mtoto ahamie kwake, mtoto anabeba mto wake anahama. Semisi mwenyewe, pande la mwanamume linaloinua pipa la dizeli peke yake, dada yake akiingia kwa mlango wa mbele yeye hutoka kwa mlango wa nyuma, kwa heshima. Kwa hiyo mwenye kazi ya kwenda kusema na Lesieli siku zote ni mke, na mke mwenyewe ndiye huyu wa kuzungusha maneno.

Mtoto wao wa kwanza, Kelepi, alikuwa na miaka kumi na mitano mwaka ule, na alikuwa anachezea timu ya raga ya shule. Kazi yake uwanjani ilikuwa kumkimbilia mwenye mpira na kumlaza chini, na aliipenda kazi hiyo kuliko chakula. Mwezi uliotangulia, kwenye mechi, aligongana kichwa kwa kichwa na kijana wa timu ya pili, akalala kama gunia, kisha akainuka, na uwanja mzima ukaimba. Losaline naye aliimba. Halafu Jumatatu moja, mazoezini, kichwa chake kikakutana na goti la mwenzake. Safari hii hapakuwa na wa kuimba. Kocha Saimone alimmwagia maji, akamuuliza kama yuko sawa, Kelepi akasema yuko sawa, akamaliza mazoezi.

Jumamosi ya wiki hiyo hiyo ndiyo ilikuwa mechi yenyewe, shule yetu na ile nyingine tusiyoitaja kwa wema. Kisiwa kizima kilikuwa kimeshavaa rangi. Magari yalifungwa riboni, mageti yalipakwa rangi, na jirani yetu mmoja alimvisha nguruwe wake fulana. Na mwaka huo kulikuwa na nyongeza: mtu kutoka shule moja ya Auckland, ng'ambo, angekaa jukwaani achague kijana mmoja wa kwenda kusoma na kucheza huko, kila kitu bure. Watu wote walijua kijana huyo ni nani. Hata Kelepi alijua, ingawa aliona haya kulisema.

Jioni ya Jumatatu hiyo Semisi alikuwa anakula. Akaitwa nje kusukuma gari la jirani, akaacha kwenye sahani nusu ya shelisheli na mgongo wa samaki. Kelepi alitoka kuoga, akaja, akakaa pale pale pa baba yake, akavuta sahani na kuanza kula.

Binti yao mdogo alipiga yowe. "Mama! Kelepi anakula cha baba!"

Mtoto wa kwetu hali mabaki ya baba yake, kama vile asivyoweza kumshika baba yake kichwani. Si jambo la kufundishwa ukubwani. Mtu hulijua kabla hajajua kutembea. Losaline aliganda na upawa mkononi. Kelepi aliendelea kutafuna, akitoa miiba kwa utaratibu, kama mtu aliye peke yake nyumbani. Ndipo Semisi akarudi.

"We! Umekaa wapi hapo?"

Kelepi akatazama chini, akaona alipokaa. "Samahani, baba," akasema, akainuka.

"Samahani? Ufute sahani yangu, halafu samahani? Losa, unamwona mwanao! Hata kwenye ndege hajapanda, tayari kichwa kimemvimba. Kesho ukitoka shule nenda shambani, upalilie viazi vikuu vyote mpaka adabu ikurudie."

Alikwenda. Alipalilia juani alasiri nzima bila kunung'unika, na hilo nalo lilimtatiza mama yake, kwa kuwa Kelepi ni mnung'unikaji wa kuzaliwa. Aliporudi, Losaline alimfuata kisimani.

"Jana ulifanya vile kwa nini, mwanangu?"

"Nilikuwa na njaa."

Jibu lilikuwa la kawaida kabisa. Mtu mwenye njaa hula. Losaline aliligeuza huku na huku, asipate pa kulishikia.

Jumatano wanawake walikuja kwake kuponda magome. Lesieli alikuwa anaoza binti, na harusi bila ngatu, nguo yetu ya magome, si harusi, kwa hiyo wiki zile kila uani kulikuwa na gogo refu, wanawake wamelizunguka, wanayaponda magome ya mforosadi kwa nyundo za mbao mpaka yawe mapana na laini kama kitambaa. Ni kelele, lakini ni kelele yetu. Kelepi alipokuwa mchanga alikuwa halali mpaka alazwe karibu na gogo. Siku hiyo alirudi kutoka shule akawapita watu bila salamu. Baadaye Losaline alipoinuka kufuata maji alimkuta ndani ya pikapu ya baba yake, vioo vyote juu, kwenye joto la kuivisha ndizi, amejikunja na viganja masikioni.

Alifungua mlango. "Unafanya nini humu? Utaiva!"

"Mnapiga sana, mama."

"Tunapiga kama siku zote."

"Mnapiga sana," alirudia, akainamia nje ya mlango akatapika.

Basi wakaenda zahanati. Nesi alimmulika macho, akamsimamisha kwa mguu mmoja, akamuuliza jina lake, siku ya leo, na matokeo ya mechi ya mwezi uliopita. Kelepi alijibu yote, hata akawataja waliofunga. Nesi alisema ubongo umetikisika. "Apumzike. Asikimbie, asiguse mpira mpaka kichwa kipoe kabisa, halafu aanze kidogo kidogo."

"Na Jumamosi?"

"Ningekuwa mimi, asingecheza. Lakini mimi si wewe, mama Kelepi, na Jumamosi hata mimi nitavaa riboni."

"Tutajuaje kama kimepoa?"

"Atasema mwenyewe."

"Kimepoa," akasema Kelepi papo hapo.

Nesi akacheka, Losaline akacheka kwa kumfuata, na njia nzima ya kurudi akawa anajiuliza alichokuwa anacheka ni nini. Kichwa ni cha mtoto, maumivu ni ya mtoto, na shahidi ni mtoto huyo huyo, ambaye anataka kucheza kuliko anavyotaka kusema kweli. Na je, kama kimepoa kweli? Watoto hutapika. Watoto hukaa ndani ya magari. Alipokuwa mdogo Kelepi alikaa siku nzima ndani ya tangi tupu la maji, na hakuna aliyempeleka kwa nesi.

Jioni Saimone alikuja na mkungu wa ndizi begani, jambo ambalo kwa kocha ni sawa na kuja na suti.

"Jamani, hapa nani hajagongwa?" alisema. "Mimi nimegongwa mara ngapi? Nitazameni!"

Wakamtazama. Alikuwa amesimama mlangoni anapapasa mifuko akitafuta ufunguo wa gari, na ufunguo alikuwa nao mkononi. Losaline hakujua kama huo ni ushahidi wa upande huu au wa upande ule.

Saimone alipoondoka, mume na mke walibaki barazani.

"Baba mdogo alicheza tangu ujana mpaka ndevu zikamtoka mvi," Semisi akasema. "Na leo anaimba besi kanisani, hajasahau ubeti hata mmoja."

"Na kaka yake?"

Huyo kaka alicheza misimu michache tu, na sasa mkewe ndiye anayemfunga vifungo vya shati.

"Ule labda ni ugonjwa mwingine," Semisi akasema.

"Labda."

"Na akiikosa nafasi hii, Losa? Atabaki hapa kulima viazi na mimi? Ipo siku atatuuliza."

"Atatuuliza."

"Sasa wewe unasema acheze au asicheze?"

"Nasema vichwa vingekuwa vinaonekana ndani, watu wangepumzika."

"Ndiyo nini hiyo? Nimekupa njia mbili, umeniletea ya tatu!" Semisi alitaka kucheka, kicheko kikamgomea. Ukweli ni kwamba naye alikuwa anaogopa. Tangu aliposikia habari ya zahanati hakutaka hata kupita karibu na lile shamba la viazi. "Halafu tunajisumbua bure. Neno ni la dada. Akikataza yeye, Saimone atafyata mkia na mtoto atanyamaza."

"Basi kamwambie."

"Mimi? Niingie kwa dada nianze kumhadithia matapishi? Nenda wewe."

Alhamisi Losaline alioga, akavaa mkeka wa kiunoni, vazi letu la heshima, akachukua kipande cha ngatu, kile alichokuwa amejiwekea kwa ajili ya maziko yake mwenyewe, kizuri kuliko vyote alivyowahi kutengeneza. Njiani aliyapanga maneno. Alifika akaingia kwa kuinama, akakaa chini karibu na mlango. Lesieli alikuwa kwenye kiti chake, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, ambaye hajawahi kupaza sauti kwa kuwa hajawahi kuhitaji.

"Wifi," Losaline alianza, macho kwenye sakafu, "sisi ni watu wa hali ya chini. Nimekuja na haka kagome kabovu, hakafai hata kufutia miguu. Nisamehe. Tunaye yule mtoto wetu asiye na maana. Keshokutwa kuna huo mchezo wao. Kichwa chake ni dhaifu, na sisi wazazi wake akili zetu zimefika mwisho. Hatuna kauli. Tumekiweka kichwa chake mbele yako, utakalosema ndilo hilo."

Kwa Losaline maneno hayo yalikuwa makali mno.

Lakini fikiria na wewe ungekuwa Lesieli. Wiki nzima wanawake wamekuwa wakiingia na kutoka kwa mashangazi wa kijiji wakiomba baraka za Jumamosi. Wote wanakuja na zawadi nzuri wanayoiita mbovu, na mtoto hodari wanayemwita goigoi. Nani amewahi kuona mama akija na ngatu ya namna ile kuomba mtoto wake anyimwe kitu?

"Usimdharau mtoto wangu," Lesieli akasema, akitabasamu. "Kichwa chake si dhaifu. Ni kichwa cha kwetu." Aliinuka, akafungua sanduku, akatoa mkeka wa kiunoni uliochakaa kwa uzee, wa marehemu baba yao. "Avae huu akienda uwanjani. Mwambie shangazi yake amesema acheze, na asimwogope mtu."

Losaline akasema asante. Akasema asante tena. Alikuwa barabarani, mkeka wa marehemu umekumbatiwa kifuani, ndipo akaelewa kwamba anarudi na kinyume cha kile alichokifuata.

Semisi alimsikiliza akiwa ameshika tama. "Ulimwambia kichwa chake ni dhaifu?"

"Nilimwambia."

"Na ngatu ulisema mbovu?"

"Ndivyo wanavyosema watu!"

"Ehe! Sasa kama ngatu nzima umeiita mbovu, kichwa ulichokiita kibovu atajuaje kwamba hicho ni kibovu kweli?"

Kabla Losaline hajajibu, Kelepi aliuona mkeka. Aliupokea kwa mikono miwili, uso ukamchanua kama taa iliyopandishwa utambi, akawa anazungumza haraka haraka na baba yake juu ya Jumamosi, macho yanang'aa, akili timamu kabisa. Alikula sana. Aliwatania wadogo zake. Mama yake alimtazama na kujiona mchawi. Huyu ndiye mgonjwa? Mgonjwa gani huyu? Akaona labda Mungu ameamua kupitia kwa Lesieli na yeye akae kimya. Kisha, wakati wa kuondoa vyombo, mtoto alikosea mlango. Aliingia na sahani chumbani badala ya jikoni, akatoka akicheka. Mtu yeyote hukosea mlango. Losaline naye amewahi kukosea mlango. Alisimama katikati ya nyumba yake mwenyewe, hajui ashike lipi.

Ijumaa wanawake walikuwa ukumbini kuunganisha ngatu ya harusi. Walikuwa wamekaa safu mbili, ubao mrefu katikati, wanapaka gundi ya muhogo na kubandika, huku wakiimba nyimbo za kuwakejeli watu wa shule ile nyingine. Lesieli alikuwa kichwani mwa ubao. Losaline aliingia amechelewa. Hakuinama na hakukaa.

"Wifi," alisema. "Jana sikuja kuomba ruhusa."

Mikono ikasimama. Mtu husimama mbele ya Lesieli pale tu nyumba inapoungua.

"Ulikuja kuomba nini?"

"Umkataze."

"Nimkataze nani?"

"Kelepi. Asicheze. Kichwa chake kinaumwa. Simdharau, wifi, wala sisemi kwa adabu, kinaumwa kweli. Anatapika. Nyundo zetu hazivumilii. Na Jumatatu alikaa pahali pa baba yake akala mabaki yake."

Wanawake walivuta pumzi kwa pamoja.

"Alikula mabaki ya Semisi?" Lesieli akauliza polepole.

"Ndiyo."

"Na nyinyi mkafanya nini?"

"Tukampeleka juani kupalilia. Tulidhani ni kiburi." "Sijui hata sasa kama si kiburi."

"Kwa hiyo huna hakika."

"Sina."

"Huna hakika, na unataka nimnyime mtoto Auckland."

"Nataka," Losaline akasema. Watu wanaomfahamu wanaapa kwamba hawakuwahi kulisikia neno hilo likitoka kinywani mwake.

Lesieli alifuta gundi vidoleni, kidole kimoja kimoja. "Jana ulikaa kwangu. Mbona hukusema?"

"Nilisema."

"Hukusema. Ulinizungusha mpaka nikakupa mkeka wa baba." Mtu mmoja alicheka, akajibanza. "Na kwa nini msikataze nyinyi, wazazi wake?"

"Ulisharuhusu. Nani atakupinga?"

"Ndiyo, nigeuke niwe mbaya mimi."

"Wewe hawezi kukuchukia, wifi, wewe ni shangazi yake. Atanichukia mimi."

Lesieli alimtazama tangu miguuni mpaka usoni. Inawezekana alikuwa amekasirika. Wengine wanasema alikuwa karibu kulia. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ubao na sikuweza kujua.

"Hachezi," akasema mwishowe. "Niletee mkeka wangu. Na wewe sasa kaa chini, gundi inakauka."

Kijiji hakina siri. Losaline alipofika nyumbani Kelepi alikuwa ameshajua, na alijua ni nani aliyekwenda kuomba. Mkeka ulikuwa umekunjwa vizuri juu ya kiti. Kwa baba yake alisema "sawa". Kwa mama yake hakusema neno. Alipompa chakula alikipokea. Alipomuuliza kitu aliinamisha kichwa. Hakumtukana wala hakumtazama vibaya. Alimnyima sauti tu.

Jumamosi kijiji kilihama chote, na riboni zake, na ngoma zake. Waliopita mbele ya nyumba hawakukosa la kusema. "Mama Kelepi, huji? Au na wewe kichwa kinauma?" Losaline aliwachekea waliotaka kuchekewa na kuwapungia mkono. Alibaki na mwanawe. Kelepi alilala mechi nzima, uso ukutani, na mama yake alikaa mlangoni akimsikiliza anavyopumua, akajiambia kwamba huyu ni mtoto aliyevunjwa moyo, amelala asisikie redio za watu.

Semisi alirudi sauti imemkauka. Walikuwa wameshinda, kwa pointi chache. Wakati wa kula alisimulia yote, nani alikimbia, nani alianguka, na jinsi mpwa wa Saimone alivyocheza pahali pa Kelepi, na jinsi mtu wa Auckland alivyomwita kijana huyo pembeni baada ya mechi. Alisimulia kwa uangalifu, akimtazama mtoto usoni. Kelepi alisikiliza. Aliuliza maswali, yote kwa baba yake.

"Nani alicheza pahali pangu? Yule?" alisema. "Basi tuna bahati." Akacheka kidogo, na Semisi akacheka naye, kwa furaha ya kuona mtoto amelipokea kiume.

Baadaye Semisi alimfuata mkewe jikoni. "Losa, mtoto ni mzima. Umemsikia mwenyewe." Hakusema kwa ukali. "Nafikiri tumemnyima bure."

Losaline aliendelea kusugua sufuria. Alikuwa anafikiri hivyo hivyo. Lakini pia alikuwa anafikiri kwamba kama angemruhusu na akarudi salama, wangesema waliogopa bure. Na kama asingerudi salama, hakuna ambaye angesema lolote, wangekuja tu na mikeka ya kilio. Kwa hesabu hiyo hakuna siku ambayo mtu angejua alifanya vema. Ilimchosha. Alitamani Mungu amwonyeshe, mara moja tu, alikuwa sawa au alikosea, kisha amwache.

Jumapili kengele ya kwanza ilipolia alikuwa chumbani anamfunga Kelepi mkeka wa kiunoni, kama kila Jumapili, isipokuwa sasa wote wawili walikuwa kimya. Alikuwa nyuma yake anavuta kamba.

"Mama."

Tangu Ijumaa hakuwa amemwita. Alitaka kumgeuza amkumbatie, akajizuia, asije akaharibu. "Abee, mwanangu."

"Jana tulishinda?"

Mikono yake ikabaki kwenye kamba. Alizunguka mbele amtazame usoni. Alitafuta kejeli. Alitafuta jicho la mtoto anayemtonesha mama kidonda kwa makusudi, na aliomba alikute, awe ana hasira, awe anamsimanga, awe mtoto mbaya asiye na huruma. Kelepi alikuwa anasubiri jibu tu, kwa utulivu, kama mtu aliyeuliza saa.

"Tulishinda," alisema. "Kwa pointi chache."

"Nani alicheza pahali pangu?"

"Mpwa wa Saimone."

"Yule? Basi tuna bahati," Kelepi akasema, akacheka kidogo, kicheko kile kile.

Alikuwa ameonyeshwa. Angetoa kila alichokuwa nacho arudishwe alikotoka, kwenye kutojua.

"Semisi!" aliita, kwa sauti ambayo nyumba ile haikuizoea. "Washa gari. Hatuendi kanisani. Tunakwenda hospitali, mjini Nukualofa, sasa hivi."

Semisi alitokea mlangoni na Biblia kwapani, mdomo wazi, amuulize kama amerukwa na akili, Jumapili hii. Akauona uso wa mkewe. Aliiweka Biblia kitandani akaenda kuwasha gari.

Barabara ilikuwa imejaa watu waliovalia vizuri wakienda kanisani, na wote walisimama pembeni kulitazama gari linaloelekea kusikokuwa kwao. Lesieli alikuwa kati yao. Semisi, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alimpita dada yake bila kusimama.

Kelepi alikuwa amekaa katikati ya wazazi wake, mikono magotini.

"Tunakwenda wapi, mama?"

"Hospitali, mwanangu. Wakakutazame kichwa."

"Sawa," akasema, akageuka kutazama watu njiani. Losaline alimshika mkono, akakaa tayari kumjibu tena.